Jemedari Radi Bado Amesimama Darajani

Kawajense,
Mpanda,
Katavi.

24 Novemba 2024

Mpendwa Kaka Siméon,

Amahoro, kaka yangu. Habari za Kanada na habari za baridi? Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi yangu Emelyne na watoto, na kwamba basi lako halijateleza tena kwenye theluji. Mara ya mwisho ulisema mgongo unakusumbua kwa kukaa sana kwenye usukani. Umepata nafuu? Usijikaze kiume, nenda ukapimwe.

Sisi huku wazima. Mvua zimeanza, si nyingi, lakini shemeji yako Kalisti ameshapanda mahindi kule Magamba na kila jioni anasimama uani kuangalia mawingu utadhani yana deni lake. Mwanetu Agape yuko kidato cha pili. Amenipita urefu, na anabishana na kila mtu, sijui amerithi wapi. Mama yako mguu umepungua kuvimba. Anakwenda sokoni na kurudi bila kuegemea mtu, ila ukimpa bega hakatai.

Najua utashangaa kuona karatasi wakati simu tunazo. Sababu ziko mbili. Ya kwanza, ukipiga simu, mama yako, huyu mama mkubwa wangu, anaweka sauti ya juu kama mnadani, na haya ninayotaka kukuambia si ya kusikiwa na mtaa mzima. Ya pili imo humu ndani ya bahasha, kwenye hicho kifuko cha kitambaa nilichokishona pande zote. Usikifungue kwanza. Nakujua una haraka, lakini soma mpaka mwisho. Jean Bosco, yule mtoto wa jirani zetu wa Mishamo anayekuja huko kusoma, ndiye aliyekubali kunibebea.

Nianze na ujumbe wako wa sauti. Uliutuma kwenye simu ya mama yako, naye akaufungulia katikati ya sebule, Kalisti akiwa anakula na Agape akiwa anafua chini ya dirisha. Tulikusikia wote. "Libérate, dada, choma tu hako kadude. Ni mchezo tu wa utotoni. Usimwaibishe mama kanisani." Ndivyo ulivyosema. Nimeusikiliza tena na tena, si kwamba sikuelewa. Nilikuwa natafuta kama kuna mahali ulicheka.

Kaka, nimekasirika. Nakuambia mapema ili usifike ukurasa wa tatu ukaanza kujiuliza. Nimekukasirikia wewe kuliko wazee wa kanisa wote, maana wao hawajui ni kitu gani walichotaka kichomwe. Wewe unajua. Wewe ndiye uliyeniwekea mkononi siku unaondoka.

Mama mkubwa alikupa habari huku analia, na habari za kilio hazina mwanzo wala mwisho. Basi sikia ilivyokuwa.

Kucheza sikuacha, hilo unalijua. Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana tunakaa barazani kwangu, mimi, Suzana ambaye ni muuguzi, na Aloyce anayeendesha bajaji. Kalisti hachezi. Alijaribu siku moja, na kabla hatujatoka hata nje ya lango la mji akawa anakoroma. Lakini meza aliitengeneza yeye, ya mninga mtupu, akaiwekea ukingo pembeni ili dadu lisidondoke. Mwanaume wa kukuoa ni yule asiyeuelewa ugonjwa wako na bado anakutengenezea kitanda.

Na kwa kuwa umeshauita mchezo wa utotoni, labda umeusahau, nikukumbushe. Watu wanakaa mezani. Mmoja ni msimulizi, anasema: mmefika mtoni, daraja limeoza, ng'ambo unaonekana moshi. Wengine kila mmoja ana mtu wake ndani ya hadithi, na anasema mtu wake anafanya nini. Pale ambapo hakuna anayejua kama ataweza au hataweza, anarusha dadu, lile letu la kijani la pande ishirini. Ikija namba kubwa, ameweza. Ikija ndogo, ametumbukia na sisi tunacheka. Hakuna kamari humo wala jini. Nchi yenyewe ni ileile ya Sitalala, ambayo mimi na wewe tuliipa jina usiku mama mkubwa alipotuzimia kibatari.

Sasa mwezi wa tisa, Jumamosi moja, akabisha hodi mzee mmoja wa Kisukuma, Manyanda jina lake, mfugaji wa huko njia ya Kibaoni. Mtu mpole, kofia mkononi, fimbo ameiacha getini. Akasema, "Mayu, mama yangu, ng'ombe zangu nne sizioni. Mnadani wameniambia kuna mama hapa anarusha jiwe halafu anasema mambo."

Nikamweleza kwamba hapana baba, huu ni mchezo, tunatunga tu hadithi. Akajibu, "Sawa, mayu," akavuta kigoda akakaa. Baadaye ndiyo alinieleza kwamba alidhani nampima kama ana subira. Mgeni humfukuzi, tukampa chai, tukaendelea. Suzana alikuwa anaitafuta kengele ya malkia iliyoibwa, akarusha, ikaja kumi na tisa, nami nikamwambia: kengele unaiona ng'ambo ya mto, chini ya mti ulioungua. Manyanda akasimama, akashukuru kwa mikono miwili, akaondoka. Tukasema maskini, tumemchosha.

Kaka, ng'ombe aliwakuta ng'ambo ya mto, chini ya mti ulioungua.

Sasa wewe mwenyewe niambie. Mwezi wa tisa hapa Katavi ni mti gani ambao haujaungua? Moto umepita kila upande, pori lote ni jeusi. Na ng'ombe mwenye kiu wakati wa kiangazi utamtafuta wapi kama si mtoni? Hata wewe ukiwa huko kwenye basi lako ungempata. Lakini nenda kamwambie hivyo mtu ambaye ng'ombe zake zimerudi.

Akaja kushukuru. Na alivyokuja ndivyo vilivyoniponza. Huku kila mtu anajua Msukuma akienda kwa mfumu, mganga wao wa ramli, anakwenda na kuku kwapani. Yeye akashuka stendi na jike jekundu kwapani, saa nne ya asubuhi, akaikatisha Kawajense yote kwa miguu akiuliza kila genge, "Jamani, nionyesheni kwa yule mama wa ramli ya ng'ombe." Mpaka anafika kwangu, nilikuwa nimeshapata kazi mpya na mimi sijui.

Kuanzia siku hiyo sikupumzika. Akaja mama mmoja anataka kumjua mwanamke aliyemchukua mumewe. Akaja kijana aliyeibiwa pikipiki. Niliwarudisha wote, na wengine wakaondoka wamenuna, wakidhani nachagua watu. Mama mkubwa akaapa kuku yule hatamtia mdomoni, kwa hiyo hatukumchinja. Sasa anataga, na mayai mama yako anakula. Nimeuliza tofauti ya kuku na yai lake ni nini, nikaambiwa nisiwe mjuaji.

Wazee wa kanisa wakaniita. Ulikuwa mwanzo wa mwezi huu, baada ya ibada, kile chumba cha nyuma kinachowekwa viti vya plastiki. Nililiweka dadu mezani mbele yao mimi mwenyewe, maana sina cha kuficha. Mzee Ezekia, mwenyekiti wao, hakuligusa. Aliligeuza kwa ncha ya kalamu.

"Hili jiwe linasemaje?" akaniuliza.

"Sasa hivi linasema kumi na saba, mzee."

"Na kumi na saba maana yake nini?"

"Maana yake Suzana ameruka shimo."

Kuna mmoja wao alianza kucheka akageuza ikawa kikohozi. Mzee Ezekia hakucheka. Akataka kujua ni nani ananipa hayo maneno ninayoyasema. Nikamwambia natunga. Akasema kutunga ni kusema uongo. Hapo damu ikanichemka, kaka, unanijua. Nikamuuliza nyimbo za Pasaka ambazo kwaya inaimba na yeye anazipigia makofi, anadhani nani alizitunga? Akasema zile ni za Mungu. Nikasema hata mimi ni wa Mungu, na Jumamosi pia ni ya Mungu. Nilijibu vibaya, mama mkubwa anasema. Nilijibu nilivyojibu.

Nisimwonee mzee wa watu. Si mtu mbaya. Alisema kitu kimoja cha kweli: kwamba huku kwetu ramli chonganishi imeshaua vikongwe, na jina likishamkaa mwanamke haliondoki kwa maelezo. Alikuwa ananiogopea. Lakini dawa aliyoitoa ni hii: Jumapili ya tarehe kumi na saba nilete jiwe langu mbele ya kusanyiko, litiwe motoni, niombewe, yaishe. Nisipofanya hivyo, nawekwa kando. Kwaya siimbi, Meza ya Bwana sisogelei, mpaka nitakapotubu.

Unajua kwaya kwangu ni nini. Sauti ya pili nimeishika tangu Mishamo, na mavazi yote ya kwaya nimeyashona kwa cherehani yangu. Walijua pa kunibana.

Aloyce alikuja na ujanja wake. Ana dadu dogo jeupe la ludo, akasema tulitie rangi ya kijani tulichome hilo, wazee hawajui pande ishirini wala sita, wewe urudi kwaya na sisi turudi mezani. Suzana aliunga mkono. Nilifikiri siku nzima nikiwa kwenye cherehani, hata nikashona mkono wa blauzi ya mtu ukaangalia nyuma. Ndipo nikakataa. Kama nikichoma hata kijiti cha kiberiti mbele ya watu wale kwa sababu hiyo, nimekubali kwamba nilikuwa mfumu. Nitakuwa mfumu aliyetubu maisha yangu yote, na mama yako atakuwa mama wa mfumu aliyetubu. Nichome kwa faida ya nani basi?

Wiki hiyohiyo ndiyo ukaingia ujumbe wako. Mchezo tu.

Siméon, unakumbuka kibali? Watoto wako hawawezi kuelewa hata ukiwaeleza, lakini wewe hukusahau, najua. Tulizaliwa Mishamo, na kutoka nje ya makazi ya wakimbizi ilibidi uombe karatasi, useme unakwenda wapi, kwa nani, utarudi lini. Mama yangu alikufa hospitali hapa Mpanda na mimi nikisubiri kibali cha kuja kumwona. Nilikuwa na miaka kumi na nne. Hilo silisemi mara nyingi.

Mwaka uliofuata akaja yule mwalimu wa kujitolea wa hesabu, mrefu kama nguzo, na begi lake, na kitabu chake ambacho hakikuwa na jalada. Akatukalisha wewe na mimi na wenzetu darasani baada ya vipindi, akatuuliza: mko kwenye lango la mji, mnafanya nini? Tulikuwa tunasubiri atuambie kama inaruhusiwa. Wewe ndiye uliyenyoosha mkono ukasema, "Mimi naenda." Akakupa dadu. Sijasahau uso wako ulivyokuwa. Malaria ikamrudisha kwao kabla ya mwaka kwisha, kitabu kikaliwa na mchwa kabla hatujamaliza kukielewa, tukabaki na dadu moja na vichwa vyetu. Tukaendelea hivyo hivyo, wiki moja unasimulia wewe, wiki nyingine mimi.

Na nani aliyemweka mlinzi darajani? Wewe. Kila mto wa Sitalala ukaufanya uwe na daraja, na kila daraja ukaliwekea mlinzi mwenye kitambi anayesema, "Kibali." Tulimvuka kwa kila namna. Tulimhonga miwa, tulimwimbia mpaka akalala, siku moja tulijifanya mbuzi. Tulicheka hadi mama yako akatutupia mwiko. Kaka, mimi ni pale mezani nilipojifunza kusema naenda, nikaenda. Siku tulipopewa vyeti vya uraia, wewe ukiwa umeshaondoka, watu walicheza ngoma, na mimi nilicheza mpaka kiatu kikakatika. Lakini moyoni mwangu daraja lile nilikuwa nimelivuka zamani.

Nirudi ulipoondoka. Nikaolewa, nikahamia hapa mjini, na dadu ndani ya sanduku la nguo. Mwaka nilipopoteza mimba ya pili nililazwa, na nilikuwa sitaki kusema na mtu. Nilikuwa nalirusha tu dadu kwenye sinia la chakula, bila hadithi yoyote, nasikiliza linavyogonga. Suzana alikuwa zamu. Hakuniuliza kama nimekula dawa, aliniuliza ile ni nini. Nikaanza kumweleza, na katikati ya kueleza nikajikuta nasema: uko kwenye lango la mji, unafanya nini? Ndivyo nilivyorudi kusema na watu. Sasa uniambie ni mchezo tu. Na kama kweli ni mchezo tu, mbona mnahangaika kuutafutia moto?

Jumapili yenyewe ikafika. Nilivaa vazi la kwaya, limepigwa pasi vizuri, nikaingia nao kwa mapambio kama kawaida. Nje pembeni ya mlango walikuwa wameshawasha jiko la mkaa. Mama mkubwa alikaa benchi la tatu, hakuniangalia. Matangazo yalipokwisha Mzee Ezekia akaniita mbele, kwa sauti ya upole kabisa, na hiyo ndiyo iliyotaka kuniliza, si kingine.

Nikasimama. Nikasema sina cha kuchoma. Nikasema sijampigia mtu ramli na sitampigia, na aliyerudishiwa ng'ombe amerudishiwa na Mungu na kiu ya ng'ombe. Nikasema natunga hadithi siku ya Jumamosi na watu wazima wenzangu, nimefanya hivyo tangu nikiwa msichana, na nitafanya hivyo mpaka mnizike, na siku hiyo mkipenda mtaimba. Sikupiga kelele. Nikavua lile vazi, ndani nilikuwa na gauni langu la kitenge, nikalikunja, nikaliweka juu ya meza ya matangazo. Nikatembea mpaka benchi la nyuma kabisa, lile la waliowekwa kando, nikakaa na binti mmoja aliyepata ujauzito na mzee mmoja aliyerudia pombe. Walisogea wakanipa nafasi katikati.

Kisha kwaya ikaimba. Ubeti wa kwanza wakaenda. Ubeti wa pili, pale sauti ya pili inapopanda peke yake, wakapotea, maana wote wamezoea kunifuata. Sasa mimi nimezuiwa kuimba na kwaya, sijazuiwa kuimba. Nikaishika kutoka kulekule nyuma, nikiwa nimekaa. Watu wakageuka. Wenzangu wa sauti ya pili wakanikamata kwa nyuma kama vipofu, wakaingia, wimbo ukafika. Mzee Ezekia alikuwa ameinamisha kichwa, sijui kwa hasira au kwa nini. Leo nimefanya hivyohivyo. Jumapili ijayo nitafanya hivyohivyo. Benchi la nyuma lina upepo mzuri.

Mama yako hakusema nami siku mbili. Ya tatu akaja barazani, akakaa kwenye meza ya Kalisti, akauliza kama ni kweli siku ile kibatari kilipozimwa tulikuwa tunacheza hiki. Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Nyie watoto mlikuwa mnacheka sana." Kisha akaenda kuokota mayai. Kwa hiyo usinitishe tena na aibu ya mama. Aibu yake ninaishi nayo nyumba moja, naifahamu kuliko wewe.

Kalisti naye, nilipomuuliza anaonaje, alisema wakija kuchoma waanze na meza kwanza waone mninga unavyochelewa kushika moto. Ndiyo hotuba yake ndefu kwa mwaka huu.

Jumamosi ya jana tumecheza. Manyanda alikuwepo. Alikuja kuniomba radhi, ameshika kofia kama siku ile ya kwanza, akisema hakujua kuku wake ataniletea kesi. Nikamwambia adhabu yake ni kukaa mezani acheze. Akachagua kuwa mchungaji asiye na ng'ombe hata mmoja, ili asipotelewe. Ni mchezaji mkali, kaka. Anamuuliza kila mtu wanayekutana naye habari za mifugo yake na afya ya wazazi wake kabla ya kuchomoa upanga, na nusu ya maadui zetu wameishia kuwa rafiki zake.

Na jana, baada ya kuzunguka sana, wamefika kwenye daraja la mwisho la Sitalala. Pale darajani wamemkuta mtu amesimama, ngao imeota ukungu, ndevu zimefika kifuani. Suzana akauliza, huyu nani? Nikamwambia ni Jemedari Radi.

Umesahau na huyo? Mtu wako. Jemedari asiyeogopa simba wala jeshi ila anaogopa vyura. Siku ile ya mwisho 2009, gari likiwa linakusubiri nje, tulimwacha mbele ya mlinzi mwenye kitambi, mlinzi amenyoosha mkono anasema, "Kibali." Ulikuwa bado hujarusha. Honi ikapigwa, ukanipa dadu, ukasema nikutunzie zamu yako. Nimeitunza. Miaka yote hiyo wamepita wengine kila njia, yeye sijamgusa. Simvushi na simwangushi mtoni, kwa sababu si mtu wangu.

Jana Aloyce alitaka amrushie. Nikamzuia. Tumeacha wote wamesimama pale, Manyanda ameshaanza kumuuliza mlinzi habari za ng'ombe wake.

Sasa fungua kile kifuko. Kata uzi taratibu, kitambaa ni kile kilichobaki nilipokuwa nashona mavazi ya kwaya.

Ndilo hilo. Pande ishirini, lile lile, na ile kona uliyoing'ata ulipopata moja ukaangukia shimo la vyura. Huku kwetu usitupe pole. Aloyce ameokota vizibo ishirini vya soda, tumeviandika namba, tunavitikisa kwenye kikombe cha bati kama tulivyokuwa tukifanya siku mama yako alipotunyang'anya dadu. Wazee wakitaka kuchoma vizibo, soda zipo kila duka.

Ulisema lichomwe. Mimi mkono wangu umekataa. Basi lichome wewe, huko huko, kwenye jiko lako, watoto wako wakikuangalia, na uwaambie ni kitu gani kinachonuka. Kama mkono wako na wenyewe utakataa, lirushe. Kisha nipigie simu Jumamosi mchana wa huku, usihangaike na salamu, taja namba tu. Wote tutakuwa mezani, na mama yako ameshasema atakaa, kwa ajili ya upepo tu anavyodai.

Nisalimie sana wifi Emelyne, mwambie kitenge chake kiko tayari. Wabusu watoto. Agape anakusalimu, anasema mjomba asipige simu kama amepata chini ya kumi. Kalisti anakusalimu, Suzana na Aloyce wanakusalimu ingawa hawajawahi kukuona. Manyanda anauliza huko kwenye theluji ng'ombe wanakula nini.

Mungu akutangulie barabarani, akulinde wewe na nyumba yako, na aubariki mkono wako wa kulia.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda na hasira zangu zote,

Libérate